Sanduku la Mbao na Kazi Yake ya Mwisho

Karibu kila nyumba ya shamba ina sanduku moja ambalo watoto wamekatazwa kulifungua. Ndani yake mna blanketi la wageni, nguo za arusi, vyeti vya shule na vya ubatizo, kitabu cha benki, na chini ya vyote, katika bahasha, mna hati ya shamba. Tangu mpango wa kilimo wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, uliotaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikusanywe pamoja na mwenye shamba apewe hati yake, karatasi hiyo imekuwa na thamani kupita kundi la ng'ombe, na katika nyumba nyingi haina mahali pengine pa kulala ila sandukuni.

Sanduku lenyewe mara nyingi hununuliwa kwa fundi seremala kando ya barabara likiwa bado jeupe, yaani mbao tupu zilizopigwa randa na kuunganishwa, bila rangi wala vanishi. Likiwa hivyo bei yake huwa nafuu, na mnunuzi hulipeleka nyumbani akisema moyoni kwamba kazi iliyobaki ni ndogo, ataifanya mwenyewe Jumamosi alasiri. Naam, aweza kuifanya, wala haihitaji vyombo vya gharama kubwa. Lakini si kazi ya alasiri moja, na mtu akitaka kuifanya kwa haraka ni heri aliache sanduku jeupe kama lilivyo.

Nasema hivi kwa kuwa nilijifunza kwa hasara. Nilipokuwa kijana, karani mwenye mshahara wa kwanza mkononi, nilimnunulia baba yangu sanduku la saiprasi, nikaja nalo nyumbani wakati wa likizo. Nilinunua na kopo la mafuta ya kitani, nikalipaka sanduku lote, nje na ndani, tena ndani nikapaka mara tatu kwa kuwa nilitaka kumpendeza mzee. Kwa nje lilikauka baada ya siku chache, likapendeza macho. Kwa ndani nililigusa kwa kidole, nikaona halinati sana, nikasema litamalizia kukauka lenyewe. Baba akapanga vitu vyake, bahasha ya hati ikiwa chini kabisa, akafunga kufuli.

Miezi minne baadaye alipofungua, harufu iliyotoka ilikuwa kama ya mafuta ya kupikia yaliyochacha. Blanketi lilikuwa na madoa ya manjano yasiyotoka kwa sabuni. Bahasha ilikuwa imegandamana na mbao za chini, na alipoivuta, upande wa nyuma ulibaki sandukuni pamoja na kipande cha hati yenyewe. Mzee hakunikemea. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, sasa utafute nauli ya kwenda ofisi ya ardhi." Nilikwenda mara nyingi kabla jambo hilo halijatengenea, na ni katika safari hizo nilipopata nafasi ya kumwuliza fundi mmoja mzee nilikosea wapi. Mengi ya haya niyaandikayo yalitoka kinywani mwake, na mengine nimeyajaribu mwenyewe baadaye.

Fundi yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, sanduku lina nje yake na lina ndani yake. Wewe umeyafanya mamoja."

Maana ya maneno hayo ni hii. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yakaukavyo juani. Maji huondoka yakaenda zake hewani. Mafuta haya hayaondoki: hubaki pale pale juu ya ubao, yakavuta oksijeni iliyo katika hewa, na kwa kuivuta hubadilika kidogo kidogo kutoka kimiminiko yakawa utando mgumu. Kwa hiyo yanahitaji hewa, tena hewa inayopita. Ukiyapaka nje ya sanduku, hewa ipo usiku na mchana. Ukiyapaka ndani, kisha ukafunga kifuniko, umeyanyima kile yanachokihitaji. Hukaa gizani miezi mingi yakinata na kutoa harufu, na kila kilichomo huinywa harufu hiyo. Basi sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mafuta ya namna yoyote hayaingii ndani ya sanduku la nguo na karatasi. Hiyo si kwa mafuta ya kitani peke yake. Wako watu wa pwani wanaopaka mafuta ya nazi, na wa bara wanaopaka mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi hayakauki kabisa, hata ukingoja mwaka. Na oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka kwa ajili ya mchwa, mahali pake si katika nyumba ya kulala watu, sembuse katika sanduku la blanketi za watoto.

Kabla ya kupaka lolote, msomaji na alitazame sanduku lake ni la mti gani. Siku hizi lililo sokoni kwa wingi katika nchi za juu ni la saiprasi, mti ambao asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, lakini umepandwa sana katika misitu ya Kenya. Ni mbao nyepesi, rahisi kupiga randa, nazo zina mafundo mengi. Masanduku ya zamani yaliyorithiwa kwa wazee mara nyingi ni ya mwerezi, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa na Wamaasai oltarakwai. Huo ndio mti uliopelekwa Ulaya kwa wingi hapo kale kutengenezewa kalamu za risasi. Mwenye sanduku la mwerezi ana bahati, naye ana onyo moja: ndani asipake vanishi. Mwerezi una mafuta yake yenye harufu nzuri, na harufu hiyo ndiyo inayosaidia kuwafukuza nondo. Ukiifunika kwa vanishi umeitupa faida yenyewe. Tena mvuke wa mafuta hayo, ukifungiwa ndani, huilainisha vanishi mpaka ikaanza kunata. Acha ndani kuwe kutupu. Harufu ikififia baada ya miaka, pitisha msasa laini, nayo itarudi. Lakini mtu asidhani kwamba mwerezi peke yake ni ulinzi. Nondo hupenda sufu iliyo na jasho na mafuta ya mwili, kwa hiyo blanketi lifuliwe na kuanikwa kabla ya kuwekwa, liwe sanduku la mwerezi au la mti mwingine.

Sasa tuje kwenye kazi. Siku ya kwanza ni ya kusafisha na kulainisha, na ndiyo siku watu wanayoiibia kuliko zote. Ondoa bawaba, pete na tumbuu, usizipakie rangi mahali pake. Zamisha vichwa vya misumari kwa kutumia msumari mwingine mkubwa uliofanywa butu. Mashimo yazibwe kwa unga wa mbao zile zile, uliochanganywa na gundi kidogo. Kisha chukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu ulipanguse sanduku lote. Jambo hili huwashangaza wengi: kwa nini kulowesha mbao zilizo kavu? Sababu ni mbili. Kwanza, mahali gundi ya fundi ilipomwagika pataonekana kwa wepesi wake, kwa maana gundi hainywi maji, wala haitakunywa rangi. Paparue kwa patasi sasa, kwani ukiliacha alama yake itakaa hapo maisha yote ya sanduku. Pili, maji huzisimamisha nyuzi ndogo za mbao zilizolazwa na randa. Zikikauka zikiwa zimesimama, msasa huzikata mara moja, nazo hazitasimama tena utakapopaka dawa yako.

Msasa wenyewe uanze na namba 80 ikiwa mbao ni kavu na mbaya, kisha 120, na umalizie kwa 180. Pitisha kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kukingama, kwa sababu mkwaruzo wa kukingama hauonekani katika ubao mtupu, bali utaonekana wazi chini ya vanishi. Wengi hawajui kwamba jina hili la msasa ni jina la mti. Majani ya msasa ni makavu na yenye makali kama ulimi wa paka, na wazee walisugulia nayo vinu, vijiti na mipini kabla ya karatasi ya dukani kufika. Fundi wangu aliongeza kigae cha chupa kwa kuparuza mahali penye ugumu, naye alikitumia kwa ustadi ambao sikuweza kuuiga. Nilijikata.

Vumbi la msasa lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Na ikiwa sanduku ni la zamani lenye rangi ya miaka mingi, usilipige msasa likiwa kavu hata kidogo, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Lilowanishe unaposugua, ufanye kazi nje, na ulichofuta ukizike mbali na kisima.

Mafundo ya saiprasi yanataka uangalizi wa peke yake. Ndani ya fundo mna utomvu, na joto likizidi utomvu hutoka ukapenya vanishi na kufanya jicho la kunata. Dawa yake ni shelaki, nayo ndiyo dawa itakayotumika ndani ya sanduku pia, kwa hiyo yafaa nieleze habari zake kwa urefu.

Shelaki hutokana na mdudu mdogo wa Bara Hindi na nchi za jirani zake. Huishi juu ya matawi ya miti, akatoa utomvu wa kujifunika. Watu huukwangua, wakauyeyusha na kuusafisha, na hatimaye huuzwa kama vipande vyembamba vyenye rangi ya asali. Chukua gramu 250 za vipande hivyo, utie katika lita moja ya spiriti, ndani ya chupa ya kioo au ya plastiki, wala si kopo la chuma, kwani chuma huifanya kuwa nyeusi. Ufunike, utikise mara kwa mara, ulaze usiku. Asubuhi utaona nta imetuama chini na maji ya juu yamekuwa safi. Yamimine hayo ya juu katika chupa nyingine kwa kuyapitisha kwenye kitambaa, na nta uiache. Andika tarehe juu ya chupa. Shelaki iliyoyeyushwa huzeeka, na ikipita miezi sita usiiamini mpaka uijaribu: dondosha tone moja juu ya kioo, na kama kesho yake bado linanata, itupe. Na kwa kuwa spiriti huwaka upesi, kazi hii isifanywe jikoni wala karibu na taa ya moto.

Uzuri wa shelaki kwa ndani ni kwamba haihitaji kuvuta oksijeni. Spiriti huruka ikaenda zake, na kinachobaki ni utando mkavu usio na harufu. Paka kwanza juu ya mafundo mara mbili. Kisha paka ndani yote mkono mmoja mwembamba sana, ulioongezwa spiriti nusu kwa nusu. Baada ya saa moja utaweza kuugusa, baada ya mbili au tatu upitishe msasa laini kidogo na kupaka mkono wa pili. Inatosha. Kifuniko kiache wazi muda wote huo. Siku ya mvua, au alfajiri yenye umande kama ilivyo pwani, usipake, maana unyevu huingia katika shelaki ikafanya ukungu mweupe.

Mtu aweza kusema, kwa nini tusiache ndani kutupu hata kwa saiprasi, tukaokoa fedha? Kuta za ndani zaweza kuachwa, sikatai. Lakini karatasi ikilala miaka mingi juu ya ubao mtupu, asidi iliyo katika mbao huipa rangi ya manjano na kuifanya ivunjike kama jani kavu. Shelaki huipunguza hatari hiyo. Hata hivyo hati na vyeti vyafaa viwekwe katika bahasha, kisha vifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, wala visiguse mbao kabisa. Na kuna sehemu moja ambayo haiachwi tupu kwa hali yoyote, nayo ni upande wa ndani wa kifuniko. Ubao hunywa unyevu na kuutoa kila siku, na unapokunywa hutanuka kwa upana wake. Ukiupaka juu tu, upande wa juu hutulia, na wa chini huendelea kunywa na kutoa. Basi upande mmoja huvuta na mwingine haufuati, na kifuniko hujikunja kama kigae. Ndiyo maana utaona masanduku mengi yaliyong'arishwa vizuri juu ambayo kufuli lake halifiki kwenye tumbuu. Hata sanduku la mwerezi, kifuniko chake kipakwe shelaki kwa chini.

Kwa nje, uchaguzi ni mpana zaidi. Shelaki peke yake haifai sana juu ya kifuniko, kwa sababu kikombe cha chai ya moto kitaacha duara jeupe, na kileo kikimwagika huiyeyusha. Na ni nani asiyejua kwamba kifuniko cha sanduku nyumbani kwetu ni kiti, ni meza, na wakati mwingine ni kitanda cha mtoto? Mimi hupaka shelaki mkono mmoja kuziba vitundu vya mbao, kisha vanishi mikono mitatu myembamba juu yake. Mikono mitatu myembamba ina nguvu kuliko mmoja mnene, kwa kuwa ule mnene hukauka juu na kubaki mbichi chini. Acha siku nzima kati ya mkono na mkono, na pitisha msasa laini kila mara. Usipake juani, kwani vanishi itatoka mapovu. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza ili vumbi lilale, na siku hiyo mwenye nyumba aombwe asifagie.

Nikiwa kwenye habari ya vanishi, nitoke njiani kidogo. Vanishi bora za karne ya kumi na tisa zilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi nyingi ilichimbwa katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliozikwa ardhini miaka mingi sana mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo za amerikani, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Salem sandarusi ilisafishwa na kuuzwa kwa wapika vanishi. Basi magari ya farasi na samani za matajiri wa huko ziling'aa kwa utomvu wa miti ya huku, na wajukuu wa wale waliouchimba walikuja kuuziwa vanishi katika makopo. Katika karne ya ishirini utomvu unaotengenezwa viwandani ulichukua mahali pa sandarusi, na wengi siku hizi huijua kwa jina tu.

Turudi sandukuni. Wako wapendao mafuta ya kitani kwa nje kuliko vanishi, nami siwalaumu, kwa maana hayang'ai kama kioo bali huonyesha mti wenyewe, na yakikwaruzwa huongezwa bila taabu. Atakayeyatumia anunue yale yaliyochemshwa, kwani mabichi huchukua majuma mengi kukauka. Mkono wa kwanza uchanganywe na tapentaini kwa kiasi sawa. Paka, ngoja robo saa, kisha futa yote ambayo mbao hazikuyanywa, ufute mpaka mkono usiteleze. Kosa la wengi ni kutokufuta.

Lakini ni kitambaa hicho cha kufutia nitakachosimama juu yake, kwa sababu hapa si habari ya madoa tena, ni habari ya uhai. Nimesema kwamba mafuta haya hukauka kwa kuvuta oksijeni. Katika kufanya hivyo hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo hupotea hewani, wala huwezi kulisikia. Lakini matambara yenye mafuta yakikunjwa na kurundikwa pembeni, joto hukosa pa kutokea. Huzidi, na kuzidi kwake huharakisha mafuta yavute zaidi, na baada ya saa kadhaa rundo laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti wala cheche. Mtu amelala, nyumba inaungua, na asubuhi majirani wanatafuta adui aliyeitia moto.

Hii si hadithi ya kuwatisha watoto. Tarehe 23 Februari 1991, katika jiji la Philadelphia huko Marekani, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jumba liitwalo One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38. Uliwaka kwa zaidi ya saa 18, na wazima moto watatu walikufa. Chanzo chake kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani, yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakishughulikia mbao za ndani ya jumba hilo. Jumba lile halikutumiwa tena, likabomolewa, kazi iliyokwisha mwaka 1999. Ikiwa jumba la ghorofa 38 liliangamia kwa matambara machache, nyumba ya mbao na nyasi itasimama na nini? Kwa hiyo kila kitambaa kilichogusa mafuta kitandazwe nje kimoja kimoja juu ya mawe au waya mpaka kiwe kigumu kama ubao, au kitumbukizwe mara moja katika kopo la maji lenye kifuniko. Kisiachwe mfukoni mwa suruali ya kazi, wala kisitupwe nyuma ya ghala la mahindi.

Chini ya sanduku husahauliwa kwa kuwa hakuonekani, na ni kule ambako unyevu wa sakafu na wadudu huanzia. Lipindue, ulipake kwa chini mikono ile ile uliyopaka juu. Vanishi ikiziba vitundu vya mbao, fukusi hukosa mahali pa kutagia mayai. Lipate miguu ya urefu wa kidole angalau, na kila mguu usimame juu ya jiwe bapa, ili mchwa akijenga njia yake ya udongo uione mapema.

Kisha zirudishwe bawaba na kufuli. Hapa pana neno moja ambalo kila mwenye watoto alisikie. Mwaka 1996 kampuni moja ya Marekani ililazimika kutoa wito kwa watu kubadilisha makomeo ya masanduku yake ya mwerezi yapatayo milioni 12, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1912 na 1987. Komeo lake lilijifunga lenyewe kifuniko kiliposhuka, wala halikuweza kufunguliwa kutoka ndani, na watoto waliojificha humo katika michezo yao walikufa kwa kukosa hewa. Pete na tumbuu ya kawaida, ambayo haifungi mpaka mtu atie kufuli kwa mkono, ni salama kuliko komeo la kujifunga. Tena nguo zikishatolewa, sanduku tupu lisiachwe bila kufuli. Fundi wangu hakujua habari za Marekani, lakini alikuwa na desturi ya kutoboa vitundu viwili vidogo kwa nyuma, chini ya kifuniko, akavipigilia wavu mwembamba kuwazuia wadudu. Alisema ni kwa ajili ya hewa ya nguo. Mimi huvitoboa kwa sababu zote mbili, ingawa vitundu hivyo havimtoshi mtoto aliyefungiwa, na kufuli ndilo la kutegemewa.

Ukingo wa sanduku na wa kifuniko, mahali vinapokutana, usiongezewe vanishi nene. Usugue kwa mshumaa, la sivyo wakati wa joto vitashikana, na siku utakapofungua kwa nguvu utabandua kazi yako yote.

Baada ya hapo kuna kungoja. Shelaki ya ndani iachwe juma moja kifuniko kikiwa wazi, na vanishi ya nje majuma mawili kabla ya mtu kukalia. Ukitaka kujua kama limekuwa tayari, weka karatasi nyeupe chini ya sanduku, ndani, uigandamize kwa tofali lililofungwa kitambaa, ufunge kifuniko, ulale. Asubuhi fungua, utie uso ndani na kuvuta pumzi. Kama wasikia harufu ya spiriti au ya vanishi, acha wazi siku tatu tena. Kama husikii kitu, ondoa tofali uinue karatasi kwa pembe yake. Ikiinuka bila kushika mahali popote, ikiwa nyeupe kama ulivyoiweka, mwite mzee alete bahasha yake.